Chozi si ndege mvumaji: kwa nini chupa nyekundu haikumleta

Jirani yangu hapa Morogoro aliagiza mtandaoni chupa ya plastiki yenye maua mekundu ya bandia kwenye kitako, akaijaza maji ya sukari, akaitundika barazani. Alikuwa ameona video: ndege mdogo kama kidole gumba amesimama hewani, mabawa hayaonekani kwa kasi, anakunywa kwenye chupa kama ile. Wiki tatu zikapita. Walikuja nyuki, wakaja sisimizi, akaja mjusi kula sisimizi. Ndege hakuja. Na muda wote huo, hatua kumi tu kutoka pale, kwenye mgomba uliokuwa ndio kwanza unashusha mkungu, ndege wawili wadogo wa kwetu waitwao chozi walikuwa wakifukuzana tangu alfajiri. Hakuwaona. Macho yake yalikuwa kwenye chupa.

Kosa si lake. Maelezo mengi yanayozunguka kuhusu bustani ya ndege wa maua yameandikwa Marekani, kwa ajili ya ndege wa Marekani, na ukiyaleta huku yalivyo yanakwama. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, tutenganishe ndege wawili.

Yule wa kwenye video ni ndege mvumaji, ambaye lugha nyingi za Ulaya humwita kolibri. Anavuma kweli: aina moja inayofahamika sana mashariki mwa Marekani ina uzito wa kama gramu 3, na hupiga mabawa mara 50 hivi kwa sekunde. Ukoo wake una aina zaidi ya 350, na wote wanaishi katika mabara ya Amerika, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini kabisa. Afrika hayupo hata mmoja. Wengi wetu tulimsikia kwa mara ya kwanza kwenye kisa alichopenda kusimulia Wangari Maathai, cha ndege mdogo aliyebeba maji kwa mdomo tone kwa tone kuzima moto wa msitu huku tembo akimtazama. Tembo wa kisa hicho ni wetu, ila ndege ni mgeni. (Ugeni wenyewe una mushkeli: mwaka 2004 mtaalamu wa visukuku Gerald Mayr alieleza mifupa ya mvumaji wa kale iliyopatikana Ujerumani, yenye umri wa takriban miaka milioni 30. Kwa hiyo zamani walikuwepo upande huu wa bahari, kisha wakatoweka.)

Wetu sisi ni chozi. Jina lake ni neno lilelile la tone la jicho, na ukimwona dume amekaa juani, kijani inayogeuka zambarau kisha shaba kila anapogeuza shingo, utakubali kwamba linamfaa. Aina za chozi ni zaidi ya 140, zimetapakaa Afrika, kusini mwa Asia hadi kaskazini mwa Australia. Pemba ina chozi wake ambaye hapatikani kwingine, na bustanini kule ni wa kawaida tu. Milima ya Uluguru, ambayo naiona nikifungua dirisha, nayo ina wake, ila huyo ni ndege wa msituni. Usimngoje uani kwako. Wanaokuja uani ni wenzake wasiochagua sana: yule mdogo mwenye tumbo la njano, na yule mkubwa mweusi mwenye kifua chekundu kama kaa la moto.

Mvumaji na chozi si ndugu. Mvumaji yuko karibu zaidi na teleka, wale ndege weusi wanaopita kwa kasi juu ya mapaa jioni. Chozi yuko upande wa shomoro na kwera. Kilichowafananisha ni kazi. Kila mmoja, kwenye bara lake, alianza kuishi kwa mbochi, yaani yale maji matamu yaliyo ndani ya ua, na kazi hiyo hudai mwili mdogo, mdomo mrefu mwembamba na ulimi wa kuingia ndani. Mtu akikwambia kamwona mvumaji Dodoma au Nakuru wakati wa magharibi, amesimama hewani mbele ya ua na mabawa hayaonekani, usimbishie kwamba kaona kitu. Kamwona nondo. Wapo nondo wa mchana na wa jioni wanaoruka hivyohivyo, wenye mrija mrefu mdomoni, na wanadanganya hata macho mazuri.

Sasa tofauti ambayo bustani yote imeisimamia. Bawa la mvumaji huzunguka begani na hupata nguvu likienda mbele na pia likirudi nyuma, ndiyo maana anaweza kusimama hewani muda mrefu, hata kurudi kinyumenyume. Miguu yake ni ya kushika kijiti tu, kutembea hawezi. Chozi anaweza kusimama hewani sekunde chache akilazimika, lakini inamchosha. Yeye ni ndege wa kutua. Anataka kushika kitu kwa miguu, ajikunje, ainame, aingize mdomo wake uliopinda. Maua yaliyokua pamoja naye kwa miaka mingi yameshalijua hilo. Maua ya Amerika yaliyokua pamoja na mvumaji mengi yananing'inia hewani kwenye kikonyo chembamba, hayana pa kukanyaga, kwa sababu mteja wake hakuhitaji.

Ukiniuliza upande nini, basi, sitaanza na rangi wala harufu. Nitakuuliza: akifika, atasimama wapi?

Tazama shubiri. Shina lake la maua hutoka katikati, nene, gumu, limenyooka, na maua yamepangwa chini ya kilele yakiinamia nje. Chozi hushika shina, hunywa ua moja, huzunguka, hunywa jingine, bila kuruka hata mara moja. Tazama mwamba-ngoma, ule mti wenye magome kama gamba la mamba unaochanua ukiwa hauna jani hata moja: kila shada la maua mekundu limekaa wima kwenye ncha ya tawi tupu, ngazi na sahani mahali pamoja. Tazama Leonotis, lile gugu refu la kando ya barabara lenye shina la pembe nne na mipira ya maua ya rangi ya chungwa, mmoja juu ya mwingine kama mishikaki. Na tazama mgomba. Ndizi tunazokula hazina mbegu wala hazihitaji kuchavushwa na yeyote, lakini ua la mgomba linaendelea kutoa mbochi kwa wingi kana kwamba halijapata taarifa, na chozi hudandia mkungu hata kichwa chini miguu juu.

Mfano wa ajabu kuliko yote uko Afrika Kusini, kwenye eneo la Cape. Kuna mmea mdogo uitwao Babiana ringens, wa kitunguu ardhini, ambao maua yake mekundu hutoka chini kabisa karibu na udongo, mahali pabaya kwa ndege. Lakini mmea huo huota kijiti kikavu kisicho na ua, kinachosimama juu ya maua, na chozi hukishika akainama kunywa. Watafiti waliwahi kuvikata vijiti hivyo, na mimea iliyokatwa ikaambulia uchavushaji hafifu. Mmea mzima umegharamika kujenga kiti cha mgeni!

Je, maua ya kigeni hayafai? Hapo mambo yanachanganyika kidogo. Bustani za mijini kwetu zimejaa mimea ya Mexico na Amerika ya Kusini, na chozi hawaikatai. Ile Russelia inayomwagika juu ya kuta kama nywele, yenye vimirija vyekundu, hupata wageni kutwa. Lakini chunguza wanavyokula. Penye tawi gumu karibu, chozi hutua na kuingiza mdomo kwa njia halali. Pasipo na tawi, au pale mrija wa ua ukiwa mrefu kuliko mdomo, hutoboa tundu dogo kwenye kitako cha ua na kunywa kwa mlango wa nyuma, bila kugusa chavua. Ile hibiskasi nyekundu ambayo haifunguki hata siku moja huibiwa hivyo. Ukiikagua utaona matundu. Kwa mwenye bustani si hasara, ndege kaja na kala. Kwa ua ni wizi mtupu. Wakati mwingine chozi hujifunza adabu za mvumaji: Nicotiana glauca, tumbaku-mti ya Amerika ya Kusini iliyosambaa Afrika Kusini, imewafanya chozi wa huko wasimame hewani mbele ya maua yake, kwa kuwa yanalipa kuliko gharama. Na deni limelipwa upande wa pili: Leonotis yetu ilivuka bahari, ikawa gugu huko Amerika, na wavumaji wanaishukia bila kuuliza kwao ni wapi.

Mimea ninayoikataa ni miwili. Wa kwanza ni mvuti, Lantana camara, wenye maua ya kuvutia lakini unameza mashamba na malisho na kuwadhuru mifugo wanaoula. Wa pili ni Tecoma stans, ile ya kengele za njano inayouzwa kwenye kila kitalu cha maua barabarani. Huzaa mbegu nyepesi zenye mabawa, na mbegu hizo haziheshimu uzio wako. Kuna Tecoma nyingine, capensis, ya maua ya chungwa yaliyopinda, ambayo ni ya Afrika hii hii na chozi huipenda zaidi. Ukienda kitaluni, angalia ua kabla hujatoa pesa.

Tukija kwenye rangi, nyekundu imepewa sifa kuliko inavyostahili. Nyuki huiona kwa shida, kwa hiyo ua jekundu lenye mbochi mwingi huwa limewapunguza nyuki na kumbakizia ndege. Ndege hujifunza haraka kwamba wekundu mara nyingi una malipo. Lakini hajafungwa na rangi. Chozi hunywa kwenye mlonge mweupe na kwenye ua la mgomba la zambarau iliyofifia. Chupa ya jirani yangu ilikuwa nyekundu kuliko kitu chochote mtaani na haikumsaidia.

Kisha kuna jambo linalowakatisha watu tamaa: wamepanda, chozi wamekuja, na baada ya wiki mbili amebaki dume mmoja tu anayewafukuza wenzake wote. Wanadhani bustani imeharibika. Hapana, bustani imekuwa na thamani. Mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha hesabu za chozi mwenye mabawa ya dhahabu nchini Kenya, anayelinda maeneo ya Leonotis, na hesabu hizo zinasomwa hadi leo na wanafunzi wa tabia za wanyama. Ndege akikaa tu kitini hutumia kalori 400 kwa saa (kalori ndogo za maabara, si zile kubwa zinazoandikwa kwenye pakiti za chakula). Akila, 1,000. Akifukuza wezi, 3,000. Sasa, ua lisilolindwa hunywewa na kila mpitaji, hivyo hubaki na mbochi kidogo. Ua linalolindwa hujaa. Kama kila ua lina mikrolita 1 ya mbochi, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, chozi anahitaji saa 8 za kula ili apate mahitaji ya siku. Likiwa na mikrolita 2, saa 4 zinatosha. Likiwa na 3, ni saa 2 na dakika 40 hivi. Ulinzi ukiyapandisha maua kutoka mikrolita 1 hadi 2, zile saa 4 alizookoa anakaa kitini badala ya kuhangaika, na ulinzi wenyewe humgharimu kama dakika 17 kwa siku. Hapo anapata faida. Lakini kama maua ni mengi mno kila mahali, kulinda hakuna maana kwa sababu hata yasiyolindwa yamejaa; na yakiwa machache mno, hakuna cha kulinda. Ugomvi hutokea katikati.

Kwa mwenye uwanja maana yake ni hii: ukitaka chozi wengi, usirundike maua yote kona moja ambayo dume mmoja anaweza kuitawala kutoka kijiti kimoja. Panda shubiri mbele, Leonotis nyuma ya jiko, Tecoma capensis kwenye uzio ule wa pembeni, ili nyumba yenyewe imzuie asione kote. Na ukimwona anapigana na kioo cha gari lako asubuhi nzima, anatema na kuchafua mlango, ujue anamfukuza dume mwenzake aliye ndani ya kioo, ambaye kwa bahati mbaya hachoki. Vika kioo soksi kuukuu kwa wiki kadhaa. Wapita njia watacheka, lakini ndege atapumzika.

Kuhusu chupa: haikatazwi. Chozi waliozoea hunywa, hasa ikiwa na kijiti cha kutua mbele ya tundu, kitu ambacho chupa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mvumaji hazina. Kipimo ni sukari nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4. Usitie rangi, usitie asali, kwa sababu asali iliyochanganywa na maji huchacha na kuotesha ukungu. Kwa joto la kwetu maji hayo yabadilishwe kila siku na chupa isuguliwe kwa maji ya moto. Sisimizi uwazuie kwa kikombe cha maji juu ya kamba, si kwa mafuta, maana mafuta yakigusa manyoya ya ndege hayatoki. Ukishafanya hesabu ya usumbufu wote huo, nadhani utaona kwa nini mimi napendelea mche.

Tena maji ya sukari yanakosa kitu ambacho ndicho hasa humfanya chozi abaki. Mbochi ni nguvu ya kurukia, haujengi mwili. Makinda hulishwa wadudu na buibui, mamia kwa mamia, na wazazi nao huwala. Bustani iliyopigwa dawa ya wadudu kila Jumamosi inaweza kuwa na maua kama ya harusini na bado chozi asizae humo. Vidukari kwenye mlimau si aibu. Waache, utamwona jike akipita jani kwa jani akiwadonoa kama anayechambua mchele.

Buibui wana kazi ya pili. Kiota cha chozi ni mfuko unaoning'inia, mlango ubavuni, na juu ya mlango mara nyingi kuna kijipaa kidogo kama kibaraza cha kuzuia mvua. Ni nyasi, majani makavu na maganda, na gundi yake ni utando wa buibui. Jike, ambaye ni wa rangi ya majani makavu na hakuna anayempiga picha, ndiye hufanya karibu kazi yote. Unapofagia kila utando chini ya paa kabla ya sikukuu, unambebea saruji yake. Acha pembe moja. Na ukiona kinda aliyezidi ukubwa, hafanani na mzazi anayemlisha, huenda ni kekeo: kuna kekeo mdogo wa kijani hapa Afrika anayetaga kwenye viota vya chozi na kuondoka zake.

Uongeze pia kirukia. Najua wakulima wa miembe na michungwa hawataki kukisikia, kwani hunyonya mti. Lakini maua ya baadhi ya virukia hayafunguki yenyewe: yanasubiri mdomo wa chozi uyabonyeze, kisha yanapasuka ghafla na kumrushia chavua usoni. Kata kwenye mti unaokulisha. Kwenye mti wa kivuli, bakiza kimoja.

Kilichobaki ni kalenda, na hapa ndipo bustani nyingi hushindwa kimyakimya. Masika kila kitu kina maua na chozi hawana shida na wewe. Wanakuhitaji kiangazi, Juni hadi Septemba, wakati nyasi zimekauka na vumbi limekaa juu ya majani. Shubiri nyingi huchanua miezi hiyo, mwamba-ngoma pia, ndiyo maana nimeziweka mbele. Shubiri omba vichipukizi kwa mwenye nayo. Usiende kuchimba porini: isipokuwa Aloe vera, shubiri karibu zote biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, na vilima vingi vimeshachimbwa vya kutosha. Mwamba-ngoma hushika kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini mwanzo wa mvua, unaweza kuwa mti wa uzio. Waonye watoto tu kwamba zile mbegu nyekundu zinazong'aa zina sumu. Mwenye ghorofa bila udongo, vyungu viwili vya shubiri na kijiti kikavu kilichochomekwa kati yake vinatosha kuanzia. Na asubuhi ukimwagilia, nyunyizia majani pia. Chozi hawapendi beseni. Huoga kwa kujisugua kwenye majani mabichi.

Jirani yangu aliitoa chupa mwezi wa nane, akaacha kamba ikining'inia kwenye boriti. Mwanzoni mwa vuli jike mmoja akaanza kuja na nyuzi za buibui mdomoni na kuifunga ile kamba, mizunguko mingi, akienda na kurudi. Sasa kuna mfuko wa kijivu pale wenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, na nguo za kuanika zimehamia uani nyuma.